Kijiti cha Utoroni

Jumamosi, 9 Machi
Kijiti: 148

Masika yameanza. Imenyesha kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa na nusu, lambo limepanda sentimita nne. Daftari la mwaka jana limeliwa na mchwa, naanza jipya, na safari hii nataka kila kitu kiwe kwa maandishi. Nina ugomvi na mtu.

Nieleze kijiti kwanza, maana huenda siku moja daftari hili likasomwa mbele ya hakimu. Ni mti wa mninga. Mzee Albano, mlinzi wangu, aliuchonga mwenyewe na kuukata alama kila sentimita. Umesimama majini kwenye kona ya lambo, karibu na utoro. Sifuri iko juu kabisa, sawa na kilele cha tuta pale pembeni. Kwa hiyo namba ninayoandika ni nafasi iliyobaki kabla maji hayajaruka tuta. Namba ikishuka, maji yamepanda.

Lambo ni langu. Nililichimba mwaka 2016 kwa katapila la kukodi, siku tatu, baada ya miaka kumi na minne ya kuwapikia madereva wa malori wali maharage pale Kurasini. Hakuna mume aliyechangia, hakuna mjomba. Linamwagilia ekari tatu na nusu za mchicha, bamia na nyanya chungu hapa bondeni nyuma ya Mbande, na chini ya tuta kuna wanawake kumi na moja wanaolima kwenye vitalu vyangu.

Utoro ni mfereji wa pembeni, upana mita sita. Maji yakizidi yapite hapo, yasiruke tuta. Tuta ni udongo mtupu, likirukwa na maji linakatika kama mkate wa jana. Sasa ndani ya huo mfereji wangu, hatua arobaini kutoka mdomoni, Mwalimu Gibson amejenga ukuta.

Jumapili, 10 Machi
148. Jua. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 12 Machi
Kijiti: 141

Nimekwenda kwa Gibson. Ni mwalimu wa ufundi mstaafu, mtu wa Machame, alinunua kiwanja kwa Talha, mwenyekiti wetu wa mtaa. Nilimpa shikamoo yake, maana sikulelewa porini.

"Mwalimu, ukuta wako umekaa kwenye njia ya maji."

"Maji gani, Mama Sekela? Huu mwaka wa tatu nipo hapa. Sijaona hata chura akipita."

"Utaona."

"Maji yanaachaga alama. Hapa kuna nyasi na mbigili. Nimefundisha miaka thelathini na moja, alama ya maji naijua."

Mke wake, Eliaichi, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie akae anywe chai kwanza, ndiyo atutishe!"

Gibson akacheka. Akaingia ndani, akatoka na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji, ule ambao mafundi hupimia usawa wa msingi. "Shika ncha moja, mie nishike nyingine. Tutembee tuta lako lote na huo utoro. Dakika ishirini. Kama mimi ndiye mwenye kosa, naubomoa kesho."

Nikamwambia mie sihitaji mpira, nina kijiti. Mtu aliyeshika chaki maisha yake yote anifundishe lambo langu! Nikaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 14 Machi
Kijiti: 139

Niandike na hili, kwa ukamilifu. Mdomoni mwa utoro nimepanga viroba vya mchanga, matabaka matatu. La kwanza 2020, la pili 2021, la tatu ule mwaka wa ukame. Tuliovipanga ni wawili, mimi na Albano, na sasa nyasi zimevifunika hata hutajua vipo. Utoro wenyewe unaanzia 90 kwenye kijiti. Juu ya viroba ni 45. Hizo sentimita arobaini na tano za maji ndizo zinazonifikisha Novemba wakati wenzangu wote mchicha umekauka. Na bado zinabaki arobaini na tano nyingine mpaka kilele cha tuta. Hesabu hiyo haina shaka.

Albano hakuridhika. "Mama, katikati ya tuta pamelala."

"Pamelala kwa kiasi gani?"

"Kiasi sijui. Pamelala."

"Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa jicho. Nimechonga vinyago miaka arobaini, mama. Kitu kikipinda jicho linauma."

Nikamwambia jicho likiuma aende zahanati. Kweli bodaboda wanapita juu ya tuta kukata njia. Niliwaruhusu mwenyewe, na wao kila alfajiri wananibebea mchicha mpaka sokoni Rangi Tatu bila nauli. Tairi haliwezi kulaza tuta.

Jumatatu, 18 Machi
Kijiti: 131

Ofisi ya mtaa. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Talha akanipokea huku anachokonoa meno.

"Mama Sekela, huo utoro una hati?"

"Una maji."

"Mie sijaona maji. Nimeona uwanja wazi, mzee wa watu hana pa kuweka kichwa, nikamsaidia."

Nikamwekea hesabu mezani: upana, kina, mvua ya mwaka jana, kijiti siku kwa siku. Hakuigusa karatasi. "Mama, sie hapa tunagawa viwanja. Mvua anagawa Mungu. Nenda kamshitaki." Vijana wa mlangoni wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Nimeyaandika majina yao nyuma ya daftari.

Jumanne, 19 Machi
131.

Jumatano, 27 Machi
112. Mawingu ya Pugu hayatoki. Kwetu Tukuyu mvua inakaa kama mkwe, humwambii kitu. Huku inakuja kama mgambo.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka
Kijiti: 104

Eliaichi ameniletea bakuli la mtori wa ndizi, amelifunika kwa kitambaa cheupe. "Sikukuu, Mama Sekela. Ya ukuta tutayaongea Jumatatu."

Nikapokea. Alipogeuka nikampa Albano bakuli na kila kitu. Baadaye akalirudisha limeoshwa. "Mtori mzuri sana," akasema. "Watu wanaopika hivi si watu wabaya."

Nikamuuliza kama amepalilia bamia.

Jumamosi, 6 Aprili
Kijiti: 88

Maji yamepita alama ya 90. Bila viroba yangekuwa yameanza kutoka leo. Yapo, yametulia, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya matete. Nimekaa ukingoni kama saa nzima nikiyatazama. Ni kitu pekee maishani nilichokiweka kikakaa.

Zimebaki 43 mpaka yaguse juu ya viroba. Kwa mwendo huu ni wiki tatu au chini yake. Yakishatoka yatakutana na ukuta wa Gibson, yatarudi nyuma, yatapanda, na tuta litakwenda. Sina ofisi, sina mwenyekiti. Nimemwita Hamisa.

Hamisa ndiye mwenye sauti kati ya wale kumi na moja wa vitaluni. Ana watoto wanne na mdomo wa watu wanane. Nimemsimamisha chini ya tuta, nikamwonyesha lilivyo juu ya kichwa chake.

"Likikatika, hapa uliposimama maji yatafika wapi?"

Akatazama juu. "Shingoni?"

"Juu ya paa la kibanda cha Albano."

"Na linakatika kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya ukuta wa mtu mmoja."

Akaenda kuwaita wenzake.

Jumatatu, 8 Aprili
Kijiti: 84

Wamekwenda wote kumi na moja, na majembe. Mie nilisimama nyuma.

"Mzee, shikamoo," Hamisa alianza vizuri. "Ukuta huo tunaubomoa sie au unaubomoa wewe?"

Gibson alitoka na ule mpira wake mkononi, anaufungua. "Wanangu, tupime. Naomba tupime tu."

"Upime nini? Sie tukishakufa ndiyo utapima urefu wa jeneza?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akampokonya mpira akauzungusha hewani kama anaruka kamba, wenzake wanapiga makofi. Yule mzee wa miaka sitini na tano akaukimbilia mara mbili, kushoto, kulia, maji yake yakamwagika yote. Aliponiona akasimama.

"Mama Sekela, ukuta wangu haujaloa hata siku moja. Kwa nini haujaloa? Jiulize hilo."

Nikamwambia: "Utoro una mita sita, Mwalimu. Jiko lako nalo limeingia mita moja na robo. Usilisahau."

Usoni akabadilika. Eliaichi akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Ijumaa, 12 Aprili
Kijiti: 79

Amebomoa mwenyewe. Hakuita fundi. Siku tatu na nyundo, tofali moja moja, anazipanga pembeni kwa mstari kama daftari za wanafunzi. Leo ameanza jiko. Eliaichi anapikia nje chini ya turubai, mvua inaingia kwenye sufuria. Nimepita mara mbili kuhakikisha mita moja na robo imetimia. Ilikuwa moja na kumi na tano. Nikamwambia. Akabomoa tofali mbili zaidi.

Nilijisikia vizuri. Naliandika kama lilivyo.

Jumamosi, 13 Aprili
79.

Jumatano, 17 Aprili
Kijiti: 68

Albano amenifuata nikiwa nafunga mafungu ya mchicha. Amevua kofia.

"Mama, tuwazuie bodaboda. Na tutoe viroba, hata tabaka moja."

"Ukuta umeshatoka. Maji yana njia."

"Katikati pale udongo umeanza kulia."

"Kulia?"

"Ukikanyaga unatoa maji."

"Mzee Albano, mvua inanyesha mwezi mzima. Hata godoro langu linalia."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Akavaa kofia. Kibanda chake kiko chini ya tuta usawa wa katikati, mita chache kutoka kwenye pampu. Nilimweka hapo mwenyewe ili ailinde.

Jumapili, 21 Aprili
63.

Jumanne, 23 Aprili
60. Bodaboda mmoja amenasa katikati ya tuta, wamemvuta watu watatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeandika haya Ijumaa, lakini ni ya Alhamisi.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa tatu asubuhi kijiti 57. Saa sita 54. Nikajua leo ndiyo leo, maji yatatoka utoroni. Nikamtumia Gibson ujumbe aje aone. Nilitaka asimame pale yanapopita, ayaone kwa macho yake, aniambie tena habari ya chura.

Alikuja na mwavuli. Alinisalimia. Nikamwita Albano.

"Pampu itakuwa kwenye matope jioni. Shuka kaifungue uitoe."

Akatazama tuta, akanitazama. "Mama, ngoja kwanza tuone maji yanavyokwenda."

"Pampu kwanza. Ukiogopa mvua nitakuletea mwavuli wa Mwalimu."

Akashuka na spana zake.

Saa nane kasoro kumi kijiti kilisoma 52. Zilibaki saba kufika juu ya viroba. Tukasubiri. Mvua ilikuwa ile ile, nzito, uso wa lambo unachemka kama uji. Saa nane: 52. Saa nane na robo: 52.

"Yamesimama," nikasema. Nilifurahi, Mungu ananijua. Nilifikiri lambo limeshiba.

Gibson aliinama, akatazama mdomo wa utoro, akavuta nyasi kwa mkono, akaona sandarusi za viroba. Akatazama mfereji nyuma yake, mkavu, nyasi zake zimesimama. Halafu akanyoosha shingo kuelekea katikati ya tuta.

"Hayajasimama, Mama Sekela. Yanakwenda kwingine."

Katikati, kwenye njia ya bodaboda, kulikuwa na kitu kinachong'aa kama bati. Upana wake kama wa kitanda. Kilikuwa kinateleza kwenda ng'ambo, kimya, chembamba, hakina hata povu.

Nilipiga kelele jina la Albano. Gibson alitupa mwavuli akakimbia juu ya tuta, mzee yule, akipunga mikono, "Albano! Toka! Toka huko!" Chini niliona kofia yake. Alikuwa amepiga magoti, amegeukia pampu, na kwa ngurumo ile ya mvua hakusikia. Tuta lilikatwa kutoka juu kwenda chini. Kwanza kipande kama meza. Halafu kama gari. Gibson alirudi nyuma, ardhi ikiondoka mbele ya viatu vyake.

Lambo langu la miaka minane lilimalizika kwa dakika ishirini na mbili. Niliangalia saa. Sijui kwa nini niliangalia saa.

Ijumaa, 26 Aprili
Hakuna kijiti cha kusoma. Kimesimama kwenye tope.

Wanawake wote kumi na moja wazima, mvua iliwazuia majumbani. Albano hajaonekana.

Jumamosi, 27 Aprili
Hamisa amemwona, kwenye kitalu cha mwisho, chini ya matete. Spana ilikuwa mfukoni. Hamisa hakulia. Alivua khanga yake ya juu akamfunika, akapanda mpaka kwangu, akasema, "Yule mwalimu ameua mtu."

Nikavaa viatu, tukashuka wote.

Jumatatu, 29 Aprili

Amekuja mdogo wake, Venance, kutoka Masasi. Tumemzika Albano hapa hapa, barabara ya kusini ni mbovu. Venance amechukua sanduku la patasi na kinyago kimoja ambacho hakijakwisha.

"Alikuwa anafanya nini chini huko, mvua yote ile?"

"Alikuwa kazini."

"Kazi gani isiyongoja?"

Eliaichi ndiye aliyemjibu. Alimpa sahani ya chakula, akamwambia, "Kula kwanza, baba." Alikuwa amepika msiba mzima chini ya lile turubai.

Jumanne, 30 Aprili

Gibson amekuja peke yake asubuhi, na mpira. Ameujaza maji upya. Safari hii niliushika.

Tulianzia juu ya viroba, tukahamisha mpira mara tatu mpaka kwenye mdomo wa pengo, pale ambapo alama za tairi za bodaboda bado zipo kwenye udongo uliobaki. Ncha moja kwangu, nyingine kwake. Maji kwenye mpira yalicheza, yakatulia. Akaweka rula.

"Saba," akasema.

Viroba vyangu viko juu kuliko katikati ya tuta kwa sentimita saba. Tuta pembeni ni gumu, na kijiti kilipimwa pembeni. Katikati palikuwa pamelala hamsini na mbili. Hakuna tone ambalo lingepita utoroni, kuwe na ukuta, kusiwe na ukuta. Na Gibson alipokuja kununua kiwanja akaona mahali pakavu, pakavu penyewe ni mimi niliyepafanya.

Alikunja mpira taratibu. Nilisubiri anitukane.

"Jumamosi Talha ameitisha mkutano," akasema. "Wanataka niondoke. Sitasema kitu, Mama Sekela. Utasema wewe. Nakujua ni mtu wa hesabu."

Ijumaa, 3 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa utoroni na kisu. Viroba thelathini na sita. Nimevipasua, nikamwaga mchanga kwenye mfereji kuelekea kwa Gibson, nikautandaza kwa reki ukalala kama ulioletwa na maji. Nyasi nimezing'oa. Sandarusi nimezichoma chini ya sufuria ya maharage. Moshi wake mweusi, unakaba.

Tuliovipanga tulikuwa wawili.

Jumamosi, 4 Mei

Watu wengi, kuliko siku ya uchaguzi. Talha alikuwa na shati jipya. Aliyekiuza kiwanja ndiye aliyesimama kuhukumu: mzee huyu alijenga bila kuuliza, alibomoa ukuta akaacha msingi, maji yakagonga msingi yakarudi, mtu amekufa.

Gibson alisimama. "Naomba Mama Sekela aseme."

Watu wakanigeukia.

"Niseme nini, Mwalimu?"

Alinitazama muda mrefu. Nilizihesabu sekunde, zilikuwa kumi na moja. "Sema tulichopima."

"Mie napima kwa kijiti. Mpira ni wako."

"Viroba," akasema, akawageukia watu. "Kuna viroba pale mdomoni, vimepangwa, twendeni mkaone, ni hatua mia mbili tu."

Tukaenda wote. Hamisa mbele. Hakukuwa na kiroba. Kulikuwa na mchanga, umelala vizuri, kutoka mdomoni mpaka kwenye msingi wake.

"Haya," Talha akasema, "si huu hapa mchanga? Umeletwa na maji, au umeuleta wewe?"

Walicheka. Gibson aliinama akachukua mchanga kidogo, akausugua kwa vidole. Ni mchanga wa kununua, wa ujenzi. Mwalimu wa ufundi hawezi kukosea mchanga wa kununua. Akaukung'uta, akafuta mkono kwenye suruali. Eliaichi hakunitazama hata mara moja. Wamepewa siku saba.

Daftari hili halitakwenda kwa hakimu.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imekatika. Fuso limekuja saa nne. Wamepakia vitanda, milango, mabati, na tofali zile zilizopangwa kwa mstari. Talha tayari alikuwa na mtu mwingine pale, anamwonyesha mipaka.

Jioni nilishuka lambo. Tope limeanza kupasuka. Kwenye kijiti cha Albano kulikuwa na mpira wa maji, umeviringishwa vizuri, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Kile cha bakuli la mtori.

Katapila linakuja Jumatatu. Safari hii katikati nitapandisha zaidi ya pembeni, nitashindilia kila futi moja, na bodaboda hapiti hata mmoja. Lazima nijue usawa kabla halijafika. Nilimwita Hamisa anishikie ncha ya pili. Akasema ana kazi.

Mpira huo ni wa watu wawili. Ncha moja nimeifunga kwenye kijiti.